Daftari la Kuulizia Njia

Siku niliporudisha funguo za gari ofisini, dereva aliyepangiwa kiti changu, Shabani, hakuniuliza habari za injini wala breki. Aliniuliza, "Kaka Masunga, na lile daftari je?"

Daftari lenyewe ni la shule, la mistari, jalada limeliwa na jasho. Ndani yake kuna Kiitaliano nilichookota barabarani kwa zaidi ya miaka ishirini, nikiendesha gari la wachimba visima kutoka Italia, kuanzia Bariadi hadi Maswa na Meatu. Sijafika umri wa kustaafu, lakini mgongo umegoma, na daktari ameshauri mimi na kiti cha gari tuachane kwa amani. Daftari nimempa Shabani. Ila daftari peke yake litampoteza, kama lilivyowahi kunipoteza mimi, ndiyo maana nimekaa kuandika haya, kwa ajili yake na wengine watakaoendesha wageni katika nchi yetu hii.

Nilizaliwa Sapiwi, kwenye pamba na ng'ombe. Nilimaliza kidato cha nne, na baba alitaka nishike jembe kama yeye. Shida ni kwamba sikuweza kukaa mahali pamoja. Nikitumwa kutafuta ndama aliyepotea, ndama alirudi nyumbani kabla yangu. Baba alisema miguu yangu ni ya kuazima, haijui kwao ni wapi. Nilikwenda kuwa utingo wa lori la pamba, nikajifunza usukani humo humo, nikapata leseni.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara huria ilipofunguliwa. Duka la kijiji tulilolizoea na rafu zake tupu lilikuwa limefungwa, na badala yake stendi ya Bariadi ilijaa mitumba, sabuni za kila rangi na redio za kaseti zikipigana kelele. Wageni nao walianza kuja wa aina aina. Wakati huo tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu hatukuujua; Simiyu kwetu ulikuwa mto, na mto huo ulikuwa na tabia ya kufunga barabara kila masika bila kuomba kibali.

Nikasikia Waitaliano wanatafuta dereva anayejua Kisukuma, Kiswahili na Kiingereza kidogo. Kiingereza changu kilikuwa kidogo kweli, kwa hiyo sifa hiyo niliitimiza vizuri.

Fundi wao mkuu aliitwa Renzo. Alikuwa mwembamba, ana nywele za kijivu zilizosimama kama majani ya mtama, na Kiingereza chake kilikuwa kibaya kuliko changu. Siku ya kwanza tulikaa garini mbele ya ghala tukatazamana. Nilimwambia kwa Kiingereza kwamba gurudumu la nyuma linavuja. Akaitikia kwa kichwa, akanipa mkate. Nilipomaliza kula mkate, gurudumu lilikuwa limelala kabisa. Renzo akashuka, akalitazama, akacheka mpaka akashika mlango. Kisha akatoa daftari hili kwenye sanduku la spana, akaandika ukurasa wa kwanza.

Neno la kwanza lilikuwa scusi, yaani samahani. Kwa Renzo hukuomba hata spana namba kumi na saba bila kuanza na scusi. Ukisahau, aliendelea kutazama mashine kana kwamba aliyesema ni upepo. La pili lilikuwa permesso, neno wanalolisema mlangoni kabla ya kuingia ndani ya nyumba ya mtu. Nikamwambia, "Hilo tunalo. Ni hodi." Alifurahi sana. Akanifundisha na jibu lake, avanti, maana yake karibu, pita ndani. Akasema taifa lisilo na neno la mlangoni halijalelewa vizuri.

Baada ya hapo yalikuja maneno ya msafiri. Renzo alisema wageni watakuja kutoka kwao, na wote wataniuliza mambo yale yale, bora niyajue. Basi niliandika. Scusi, posso chiedere un'informazione? Samahani, naweza kuuliza habari? Dov'è? Iko wapi? Quanto tempo ci vuole? Inachukua muda gani? Può parlare più piano? Unaweza kusema polepole? A che ora parte il treno? Treni inaondoka saa ngapi? Hilo la treni nililikariri kwa bidii zaidi kuliko yote, nami nikiwa Bariadi, ambako mluzi wa treni husikii hata upepo ukivuma vipi. Nilikuwa naendesha gari kwenye vumbi huku nauliza treni ya kwenda miji ambayo sijafika mpaka leo. Renzo alinijibu kila mara kwa makini, saa na dakika, kama mkuu wa stesheni.

Vifaa vya gari nitavisema kwa kifupi kwa sababu vinahusika baadaye. Jeki moja, kamba ya mkonge, mbao mbili, panga, na sepetu mbili. Sepetu usiziache kamwe. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hushika gurudumu kama bibi anavyomshika mjukuu anayeaga, na hautaachia mpaka uuchimbe. Sepetu zetu zilisimama nyuma ya gari, zimefungwa kwenye chuma, makali juu, ili ziwe rahisi kuchomoa.

Somo langu kubwa la kuuliza njia nililipata Sola, upande wa Maswa. Tulikuwa na mgeni, mhandisi mpya, anataka kuona chemchemi moja ambayo gari halifiki. Tukamkuta mzee anachambua pamba nje ya nyumba yake. Mhandisi akaniambia nimuulize, è lontano? Ni mbali?

Mzee akanyoosha mdomo kuelekea kilimani. "Karibu tu. Hapo nyuma."

Tulianza kutembea baada ya chai ya asubuhi. Tulipofika, ng'ombe walikuwa wanarudi zizini. Mhandisi alikuwa na malengelenge na alitaka kujua kwa nini yule mzee alidanganya. Tuliporudi nilimuuliza.

"Babu, mbona ulituambia karibu?"

"Kwani hamkufika?"

"Tulifika."

"Basi. Ningewaambia mbali, mngefika?"

Nilipomtafsiria Renzo, aliandika mwenyewe kwenye daftari, chini ya è lontano: Jibu la Msukuma ni hapana. Ongeza saa tano. Lakini mimi nilielewa zaidi ya saa. Kwetu huwezi kumwambia msafiri kwamba aendako ni mbali. Ni kama kumtwisha mzigo mwingine na yeye tayari amechoka. Unampunguzia njia kwa mdomo, miguu itajua yenyewe la kufanya.

Miaka ikapita. Visima vilichimbwa, vingine vikatoa maji, vingine vikatoa mawe. Nitaruka mengi nifike kwa Silvana.

Alikuja mwaka ambao wanunuzi binafsi wa pamba ndio walikuwa wameanza kuingia vijijini na mizani zao, na watu wa madini nao wakipita wakipima ardhi bila kusema wanatafuta nini. Wanakijiji walijifunza haraka kwamba kila gari geni linakuja kuchukua kitu.

Silvana alikuwa mwalimu wa shule kwao, umri wake na wangu haukupishana sana. Baba yake, Tullio, alikuwa mchimba visima kabla ya kundi letu, alikuja peke yake enzi za vijiji vya ujamaa, akamwacha binti ana miaka mitatu. Akashikwa na homa huku huku Meatu, akafa. Familia ilipata barua moja kutoka kwa padri, ambaye naye alikuwa ameshafariki: mto umejaa, sikuweza kuvuka, wenyeji wamemzika wenyewe, kijiji cha Lingeka. Basi. Mama yake Silvana alikuwa bado hai, mzee sana, macho yameanza kumwacha. Kila jioni alimuuliza bintiye neno lile lile la kwanza la msafiri. Dov'è? Yuko wapi?

"Ameniambia hataki kitu kingine," Silvana aliniambia. "Anataka nimwambie nimeona alipo. Nina siku tatu."

Renzo, ambaye hakuja nasi, alifunga mlango wa gari upande wa Silvana, akaniambia kupitia dirishani, "Masunga, wewe unajua kuuliza. Muulizie."

Nami nilikuwa na uhakika. Nilikuwa na daftari, nilikuwa na lugha ya mama yangu. Nani angenishinda kwa kuuliza?

Njiani mvua ilituwahi. Tulinasa mara mbili, tukachimba mara mbili, na siku ya kwanza ikaishia hapo. Siku ya pili asubuhi tuliingia Lingeka. Tulisimama mbele ya ofisi ya kijiji, nikasalimia, nikauliza moja kwa moja. Kuna Mzungu aliyekuwa akichimba visima hapa zamani, amezikwa wapi? Mwenyekiti akamtazama Silvana, akatazama gari, akasema hajawahi kusikia. Tukaenda kisimani. Wanawake tuliwasikia wakicheka tangu mbali. Nilipouliza kaburi, kila mmoja akawa na shughuli na ndoo yake. Tukazunguka vitongoji mpaka jua likazama. Hatujui. Hatujui. Labda kijiji kingine.

Silvana hakulalamika. Alikuwa na picha moja, baba yake amesimama kando ya pete ya zege ya kisima ameshika kofia, na kila tulipojibiwa hatujui aliirudisha ndani ya kitabu chake polepole, kama mtu anayemfunika mtoto.

Asubuhi ya siku ya tatu tulipita mji mmoja, yaani boma la familia moja, wenye uzio mnene wa minyaa. Nje yake mtu wa makamo alikuwa akisuka kamba. Jina lake, nilijua baadaye, ni Sayi. Sikuzima hata injini.

"Mwangaluka," nikamsalimia.

"Mwangaluka."

"Tunatafuta kaburi la Mzungu wa visima. Tumeambiwa ni pande hizi."

Sayi hakuinua uso. "Mbali."

"Mbali wapi?"

"Mbali sana. Mpaka mvuke mto, mpite na lile pori. Leo hamfiki. Hata kesho sidhani."

Nikamshukuru, nikaondoka. Silvana akaniuliza amesema nini. Nikamwambia, lontano, molto lontano. Aligeuza uso dirishani, na nikajua analia kwa sababu alianza kusafisha kioo ambacho kilikuwa safi.

Tulikuwa tumefika kwenye shule ya msingi, mwendo wa dakika kumi, nilipokanyaga breki. Miaka yote ile nimeuliza njia Bariadi, nimeuliza Maswa, nimeuliza Meatu kwa mvua na kwa jua. Nimeambiwa karibu na watu waliojua kabisa kwamba nitatembea mpaka jioni. Sijawahi, hata siku moja, kuambiwa mbali. Mtu wa kwetu akikuambia ni mbali hakuonyeshi njia. Anakufukuza. Na hakufukuzi mtu ila umekaribia.

Lakini kwa nini atufukuze? Nilitazama kwenye kioo cha nyuma nikaziona. Sepetu mbili, zimesimama makali juu, zina udongo mbichi. Tangu jana nilikuwa nimezunguka Lingeka nzima na Mzungu mgeni, nikiuliza kaburi liko wapi, nimebeba vya kufukulia.

Nilishuka, nikakaa kwenye ngazi ya gari. Nilimweleza Silvana kwa Kiitaliano nilichokuwa nacho, ambacho hakikuwa na maneno ya jambo kama hilo, kwa hiyo nilionyesha sepetu, nikaonyesha picha yake, nikaonyesha gari likiondoka. Alielewa. Alishika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Wamedhani nimekuja kumchukua?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo wanamficha?"

"Wanamlinda," nikasema. Neno hilo nililijua, kwa sababu ya walinzi wa ghala.

Tuliacha gari shuleni pamoja na vyote vilivyokuwamo. Silvana aliacha hata kamera. Tukarudi kwa miguu, mikono mitupu, tope mpaka kwenye magoti. Sayi hakuwa nje tena. Kamba yake ilikuwa chini. Tukasimama kwenye mwanya wa uzio.

"Niseme nini?" Silvana akaninong'oneza.

Nilifungua daftari. Nilipekua mbele, nikapekua nyuma. Wapi, lini, saa ngapi, mbali au karibu. Kurasa zote zilikuwa zinauliza. Hapakuwa na ukurasa hata mmoja wa kuwaambia watu wewe ni nani na umekuja kwa moyo gani. Nikalifunga.

"Usiulize kitu. Kwenu ukifika mlangoni pa mtu unasemaje?"

"Permesso."

"Sema hivyo hivyo."

Alivuta pumzi, akasema, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa, "Permesso?"

Kuku mmoja akapita. Sayi akatokea pembeni mwa zizi, akasimama, lakini hakututazama sisi. Aliitazama nyumba kubwa ya katikati. Na kutoka ndani ya nyumba ile, sauti ya bibi kizee ikaitikia, bila haraka, kama kitu alichokifanya kila siku:

"Avanti."

Nimesikia neno hilo mara nyingi kabla na baada. Kutoka kwa bibi wa Kisukuma, ni siku ile tu.

Alitoka ameshika mwimo wa mlango, mdogo, macho yana ukungu, kanga imefungwa kifuani. Ni mama yake Sayi, nasi tulikuja kumwita Mayu Holo. Mayu ni mama. Alikuwa akigeuza kichwa kutafuta sauti.

"Nani huyo anayebisha hodi ya Minzi?"

Minzi ni maji kwa Kisukuma. Ndilo jina walilompa Tullio. Alikaa katika mji ule misimu miwili ya kiangazi, Mayu Holo akimpikia. "Anakula kwangu, analala kwangu," alisema, "lakini kila akirudi kisimani anasimama pale pale kwenye mwanya. Pemeso. Mpaka nimwitikie alivyonifundisha, haingii. Nilimwambia, Minzi, wewe ni mtoto wa hapa, hodi ya nini? Hakuwa na masikio."

Nikamwambia, "Mayu, huyu ni binti yake."

Akauliza, si mimi, bali upande alipodhani Silvana yupo, "Umekuja kumchukua?"

Nilitafsiri. Silvana alitikisa kichwa, halafu akakumbuka kwamba bibi haoni. "No," akasema. "No, mama."

"Anasema hapana. Amekuja kumwona tu."

"Basi mngesema tangu jana. Mtu anazunguka kijiji kizima anauliza kaburi, sepetu mgongoni. Hata fisi ana adabu kuliko nyie. Yeye husubiri giza."

"Nisamehe, Mayu. Kosa ni langu."

"Najua ni lako. Huyu mgeni. Wewe wa wapi?"

"Sapiwi."

"Sapiwi," akasema, kama mtu aliyepata jibu la jambo lililomsumbua.

Akamwita Silvana kwa mkono. Silvana akapiga magoti kwenye tope mbele yake, hakuna aliyemfundisha, na Mayu Holo akampapasa uso, paji, mashavu, akafika masikioni akayashika yote mawili. Akacheka. "Yale yale," akasema. "Makubwa na hayasikii."

Kaburi lilikuwa kando ya zizi la ng'ombe, mahali ambapo kwetu anazikwa mwenye mji, si mpita njia. Hapakuwa na msalaba. Kila uliowekwa uliliwa na mchwa, mpaka wakachoka kuubadilisha. Palikuwa na mawe yamepangwa vizuri, na ilionekana kwamba mawe yale hupangwa upya kila mvua zikiisha. Sayi alisimama nami pembeni. "Kaka, unisamehe," akasema. "Nilisema mbali."

"Neno hilo ndilo lililotuleta," nikamwambia, naye akacheka akiwa ameinamisha kichwa.

Silvana alikaa na baba yake mpaka ng'ombe waliporudi. Walimzunguka wakaingia zizini, na Mayu Holo akamwambia asishtuke, wamezoea. Minzi huwa wanamkanyaga kidogo, hajawahi kulalamika.

Wakati wa kuaga, bibi alimshika mkono. "Mama yako yupo?"

"Yupo," nikajibu kwa niaba yake. "Ni mzee sana, Mayu. Ndiye aliyemtuma. Kila siku anauliza mume wake yuko wapi."

Mayu Holo akafikiri, kidevu juu ya fimbo yake. Alikuwa hajawahi kwenda mbali zaidi ya Mwanhuzi, mji wa wilaya, na nina hakika hakujua Italia iko upande gani wa jua. Lakini alijua mtu aliye njiani huambiwa nini.

"Mwambieni asichoke," akasema. "Si mbali. Ni hapa tu."

Silvana akanigeukia. Shabani, ukifika kwenye ukurasa wa è lontano utaona ile sentensi ya Renzo ya kuongeza saa tano. Nimeikata kwa kalamu, kwa sababu jioni ile nilitafsiri kama nilivyosikia, bila kuongeza hata dakika.

"Non è lontano," nikamwambia. "È qui vicino."